Nyumba ya Gatini

Tangu Jumatano mdogo wake alipompigia simu, Dolina MacPhee hakukalika. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia, anabaki kasimama katikati ya jikoni na kitambaa mkononi. Vikombe aliviosha, akavifuta, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaviosha tena.

"Umekaliwa na nini wewe?" mama yake alimuuliza kutoka kwenye kiti cha karibu na moto. "Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Hamna kitu, Mama. Upepo tu."

"Upepo upo tangu nizaliwe."

Bibi Murdina alikuwa amevuka themanini, miguu imechoka lakini ulimi mzima. Siku hizo ulimi huo ulikuwa na habari moja: Lachlan anarudi. Lachlan, kitinda mimba wake, aliyeondoka kisiwani kwao Tornasay na begi moja akaenda bara kufanya kazi za mitambo, Glasgow kwanza, halafu Aberdeen, halafu huku na huko, sasa ameomba nyumba ya gatini. Na dada mtu si yumo kwenye bodi? Bibi Murdina alikuwa amekwisha kuchagua hata mapazia.

Nyumba hiyo Dolina aliijua kuliko wote, maana kazi yake ilikuwa pale pale: kudaka kamba za feri inapofunga na kuzifungua inapoondoka. Zamani ilikuwa nyumba ya msimamizi wa gati. Enzi za mwinyi iliachwa mpaka paa likaangukia ndani na kondoo wakazalia sebuleni. Mwinyi mwenyewe aliishi London. Alikuja kila Agosti kuwinda kulungu, akaondoka, na kisiwa kizima kilikuwa chake, pamoja na mawe ambayo watu walijengea makaburi ya baba zao. Kisha wakazi wakachangishana, wakaombaomba kwa wafadhili, wakamlipa mwinyi akaenda zake, na kisiwa wakakiweka chini ya Amana ya Ardhi. Tangu hapo ardhi ni ya wakazi wote, nao huchagua watu watano wa kuisimamia. Hiyo ndiyo bodi. Haina mshahara wala posho. Ina chai na maneno ya watu.

"Zamani tulikuwa na mwinyi mmoja wa kumlaani," Ailig, baharia mstaafu aliyekuwa mjumbe mwenziwe Dolina, alizoea kusema, "tena yuko mbali, hasikii. Leo tuna watano, na tunapanga nao foleni ya mkate."

Nyumba ya gatini ilikarabatiwa na wakazi wenyewe, kila Jumamosi, kiangazi baada ya kiangazi. Dolina alibeba vigae vya mawe mpaka mgongo ukamlaza kifudifudi. Sasa nyumba ilisimama nyeupe, ina jiko, ina madirisha yasiyopiga mluzi, na Amana ilikuwa imeiwekea sharti moja lisilo na mlango wa uani: atakayepewa akae humo mwaka mzima. Sababu yake kila mtu aliijua. Nusu ya nyumba za Tornasay ni za watu wa kiangazi. Oktoba ikiingia wanafunga milango, na mtu anaweza kutoka kanisani mpaka gatini asione dirisha lenye taa. Shule nayo watoto wake wote walikuwa wanaenea kwenye gari moja dogo.

Waombaji walikuwa wamebaki wawili. Mmoja Lachlan. Wa pili Eilidh na mumewe Marek, Mpoland aliyefanya kazi kwenye vizimba vya samaki. Hao waliishi kwenye karavani nyuma ya banda la Hector, mfugaji wa kondoo, imefungwa kwenye miamba kwa kamba ambazo Dolina mwenyewe alimfundisha Marek kuzikaza. Karavani ya kwanza tufani la Januari liliibingirisha hadi kinamasini; bahati yao wote wawili walikuwa kazini. Sasa Eilidh alikuwa mjamzito.

Haya, Jumatano Lachlan akapiga simu.

"Dada, wakinipa ile nyumba, utaniwashia moto kidogo wakati wa baridi? Mabomba yasigande."

"Kwani wewe utakuwa wapi?"

"Mimi? Na giza lile? Nitakuwa Aberdeen, kwa Fiona wangu. Nakuja Pasaka, nakaa mpaka vuli, kulungu wakianza kulia, narudi zangu. Wewe niwashie na taa ya mbele, watu waone kuna mtu."

Alicheka. Dolina naye akacheka, kile kicheko cha kumwitikia mtu, mpaka simu ikakatika.

Sheria ya bodi ilikuwa wazi: mjumbe mwenye ndugu kwenye maombi hutoka nje, hasemi neno wala hapigi kura. Dolina aliinyooshea mkono sheria hiyo siku ilipopitishwa. Sasa akaona inamfaa sana. Atatoka nje, atanyamaza, litakalokuwa litakuwa, na mikono yake itabaki safi. Ndivyo alivyojiambia Jumatano, akajiambia tena Alhamisi, na kila alipojiambia alijikuta ameinuka kwenda kuosha vikombe.

Ijumaa asubuhi Eilidh alikuja kumwogesha Bibi Murdina. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kuzungukia wazee wa kisiwa, na kwa Bibi Murdina alianzia kila siku ya kazi. Tumbo lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni.

"Eilidh, mwanangu," bibi alisema, mabega yana povu, "wewe una jicho la rangi. Mapazia ya Lachlan, nikiweka ya kijani sebuleni, si yatakubali?"

Mkono wa Eilidh wenye sponji ulisita. Dolina, aliyekuwa akikunja taulo mlangoni, aliuona.

"Yatakubali, bibi," Eilidh alisema. "Ule upande unapata jua la asubuhi."

"Umeshaingia ndani?"

"Milango niliipaka rangi mimi. Si sote tulikwenda?"

Bibi Murdina akaridhika, akaendelea na urefu wa mapazia, na kama yaguse sakafu ama yasiguse. Eilidh alimjibu moja moja mpaka akamaliza kumvisha. Dolina akamsindikiza hadi kwenye gari.

"Karavani inaendeleaje?"

"Ipo. Inacheza kidogo. Marek analala na viatu." Alijaribu kutabasamu. "Dada Dolina, usiniulize mengine. Sitaki watu waseme umeniambia kitu."

"Sijakuambia kitu."

"Ndiyo. Tubaki hivyo hivyo."

Gari likashuka mteremko. Dolina akabaki amesimama barabarani bila koti, na mvua ilipoanza kumlowesha ndipo alipokumbuka kuingia ndani.

Jumamosi, siku ya mkutano, alitoka asubuhi akaenda nyuma ya zizi, mahali ambapo simu inashika vizuri, akampigia Lachlan.

"Ondoa jina lako," alimwambia, hata salamu hakutoa.

"Nini tena?"

"Kwenye nyumba. Sharti unalijua. Ondoa jina lako mwenyewe, iishe kwa heshima."

"Dada, nani anafuata hayo? Dadake Peigi wa dukani si ana nyumba hapo na yuko Kanada?"

"Ile ya urithi. Hii ya Amana."

"Amana ndiyo nani? Si ninyi? Si wewe?" Sauti yake ilikuwa imeacha mzaha. "Nisikilize. Nina miaka hamsini. Nimelala vyumba vya kambi, vyumba vya kupanga, makochi ya watu. Nataka mlango mmoja Tornasay ambao nikiufungua ni wangu."

"Mlango wa Mama ni wako."

"Ni wa Mama. Na wako. Nikifika tu naulizwa nimefuta viatu."

Neno hilo lilimwingia, maana ni kweli alimuuliza hivyo kila alipokuja.

"Basi rudi," alisema. "Rudi kweli. Kaa na giza na baridi kama sisi, nami leo nitakaa nje ya mkutano nimenyamaza, moyo mweupe."

"Siwezi," Lachlan alisema. "Ile baridi ya mwisho niliyokaa hapo, nilikuwa nashuka gatini kila jioni kuangalia maji. Nilitaka kujitupa, dada. Sikumwambia mtu."

Dolina aliegemea ukuta wa zizi.

"Sheria si inasema unyamaze?" mdogo wake akasema. "Basi nyamaza." Akakata.

Bodi ilikaa saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kisiwa. Mwenyekiti alikuwa Torquil, mwalimu mstaafu, mtu mwema asiyependa kumwudhi hata paka. Ailig alikuwepo, na Peigi wa dukani, na Hector mwenye kondoo. Walipofika kwenye jambo la nyumba, Dolina alisema mmoja wa waombaji ni ndugu yake, akachukua koti, akatoka.

Nje hakuwa na pa kuuweka mwili wake. Alizunguka ukumbi. Aliokota makopo yaliyopeperushwa, akayatia pipani, pipa likaangushwa na upepo, akayaokota tena. Alikaza kamba ya bendera iliyokuwa imekazwa vizuri tu. Kila alipopita dirishani aliona vichwa vinne na midomo inayokwenda, na mara moja alimwona Peigi akipiga meza kwa kiganja. Alitaka kuondoka. Alitaka kuingia. Kondoo mmoja wa Hector alisimama ukutani akamtazama anavyozunguka, naye akamgeuzia mgongo kwa aibu, kwa kondoo.

Ailig akatoka, sigara mdomoni.

"Nenda kwa mama yako ukanywe chai," alisema. "Imekwisha."

"Imekwishaje?"

"Sipaswi kukwambia."

"Basi usiniambie."

"Wawili kwa wawili," Ailig alisema, akawasha sigara ndani ya koti. "Mimi na Peigi tuko na yule binti. Hector na Torquil wako na Lachlan. Zikifungana mwenyekiti ndiye anayekata. Ameomba tupumzike afikiri, lakini unamjua. Ameshafikiri."

"Hector? Karavani si iko kwake?"

"Ndiyo maana. Wakihama, kondoo wakianza kuzaa nani atamshikia taa? Marek anamfanyia bure."

"Na Torquil?"

Ailig akautazama moshi wake ukipokonywa na upepo. "Torquil anasema ni kwa ajili yako. Anasema Dolina hajawahi kuomba kitu, tangu tunanunua kisiwa mpaka leo. Anasema hii iwe ahsante yetu. Nikatoka nje."

Dolina alisimama tuli, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kunyamaza alikokuona ni kujitoa kumbe ndiko kulikokuwa kunampa Lachlan nyumba. Wangempa yeye, kwa jina lake, zawadi, nyumba yenye taa ya mbele inayowaka na mtu hamna. Alimpita Ailig, akasukuma mlango.

Torquil aliinua macho. "Dolina, kwa mujibu wa sheria..."

"Sheria naijua. Sikuja kupiga kura."

"Hata kusema huruhusiwi."

"Kumsemea siruhusiwi. Simsemei." Hakukaa. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. "Lachlan hatakaa humo wakati wa baridi. Ameniambia kwa mdomo wake. Atakuja Pasaka, ataondoka vuli, na mimi ameniomba nimwashie taa ninyi muone kuna mtu. Basi. Nimemaliza."

Hector ndiye aliyeanza.

"Huyo ni mdogo wako."

"Namjua ni nani."

"Ungenyamaza tungempa."

"Ndiyo."

"Kwa nini hataki kukaa? Anaona sisi hatufai?"

"Hilo ni lake," Dolina alisema. "Muulize mwenyewe ukimwona."

Torquil alivua miwani akajifuta macho, ingawa hayakuwa na machozi. "Ungeniambia jana," alisema kwa upole, "ningelala."

"Jana nilikuwa sijaweza."

Akatoka tena. Safari hii hakuzunguka. Alisimama kwenye mvua mpaka Peigi alipofungua mlango na kumwambia kwamba nyumba wamepewa Eilidh na Marek, kura zote, hata ya Hector, ingawa Hector ameinua mkono kama mtu anayeuzuia mlango usimgonge.

Alimwambia mama yake alasiri ile ile, kabla majirani hawajamtangulia. Alipiga magoti mbele ya kiti, maana mzee alikuwa anasikia vizuri akiona mdomo.

"Lachlan hakupata, Mama."

"Nani kawapa maneno?"

"Mimi. Asingekaa mwaka mzima. Aliniambia."

Bibi Murdina akatazama dirishani, upande wa gati.

"Niletee shali," alisema. "Nasikia baridi."

Jumapili alikwenda kanisani kwa gari la jirani. Jumatatu Eilidh alipobisha hodi na ndoo yake, uso wake una furaha na hofu kwa pamoja, Bibi Murdina alimwambia kwa adabu kwamba hamhitaji tena. "Ataniogesha mwanangu. Nafasi anayo. Kazi ya kuuza ndugu ameshaimaliza."

Eilidh akarudi garini na ndoo yake. Tangu siku hiyo Dolina ndiye aliyemwogesha mama yake kila asubuhi, kabla ya feri ya kwanza, na mama yake alijitazamia ukutani kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Dukani mambo yakawa mengine. "Karibu, mwinyi," mtu alisema nyuma ya rafu ya unga, na wenzake wakakohoa. Mwingine alisema kwa sauti ya kusikika kwamba anayemtupa mdogo wake, sisi wengine atatufanyia nini. Hao aliwavumilia. Waliomchosha zaidi ni waliomsifu. Mzee mmoja wa upande wa kaskazini alimshika mkono barabarani akautikisa kwa huzuni kama wako msibani, akasema amefanya jambo kubwa. Dolina alijinasua akaenda nyumbani kwa njia ya pwani asikutane na mwingine.

Lakini usiku na mchana kilichomsumbua si maneno hayo. Kilichomsumbua ni yale ya nyuma ya zizi. Lachlan hakupokea simu zake. Aliacha ujumbe, hakujibiwa. Feri ikija alitazama nyuso za abiria kabla ya kutazama kamba, mpaka nahodha akamzomea kwa honi. Baharini nako alitazama, bila kutaka. Mwishowe akamwandikia: *Ulichoniambia kuhusu gati sikumwambia mtu, na sitasema. Lakini nijulishe upo.* Jioni likaja neno moja: *Nipo.* Dolina alilisoma amesimama, akaketi, akalisoma tena.

Februari, siku ya upepo wa kusini, feri ilipofunga, abiria wa kwanza kushuka kwa miguu alikuwa Lachlan. Amekonda, na ndevu zimeingia mvi. Dolina alikuwa bado ameshika kamba.

"Mama mzima?" aliuliza.

"Mzima. Haongei na mimi sana."

"Hata mimi siongei na wewe sana," Lachlan alisema, akapandisha begi begani, akaanza kupanda mteremko.

Alikusudia kukaa siku mbili. Tufani likaja, feri ikasitishwa, na kisiwa kikafungwa. Bibi Murdina alifurahi mpaka mashavu yakapata rangi. Alimlisha mwanawe samaki na viazi, akamwambia habari za watu waliokufa tangu mwaka juzi. Lachlan alikula, akasikiliza, lakini hakukalika. Alikwenda dirishani, akarudi. Alifungua mlango akatazama hewa, akaufunga. Dolina alimtazama na kujiona mwenyewe kama kwenye kioo, akachukua makoti mawili ukutani, akampa moja.

"Twende tukatembee."

Walikwenda kwa njia ya pwani, wameinama, upepo unawapiga ubavuni. Walipofika nyuma ya ukuta wa makaburi ambako pana kikingio, Dolina alisema: "Baridi ile. Kwa nini hukuniambia?"

Lachlan alivuta kofia chini. "Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa kwenye mikutano."

Ilikuwa kweli. Ndio ulikuwa mwaka wa kununua kisiwa. Dolina alikuwa hakai nyumbani. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akapanda feri kwenda bara kuonana na wakubwa, akarudi na kuhutubia ukumbini. Alijua hali ya kila kaya ya Tornasay, nani ana deni, nani ana mgonjwa. Na mdogo wake alikuwa akishuka gatini kila jioni peke yake, akirudi anamkuta dada yake amesinzia mezani juu ya kalamu.

"Nilikuwa nakupita mlangoni," Dolina alisema. "Nakuuliza viatu."

"Ulikuwa umechoka."

"Usinitetee."

"Sikutetei. Nasema ulikuwa umechoka." Alitema mate upande wa upepo ulikokwenda. "Nyumba ile bado nimeikasirikia. Usidhani nimekuja kusamehe. Nimekuja kwa sababu Fiona kanichosha kwa kusema niende nikaone kama Februari ya Tornasay bado ina meno."

"Inayo?"

"Inayo. Lakini safari hii mnanilisha mno, hata nafasi ya kufikiri sipati."

Walirudi kwa njia ya gatini, maana ndiyo fupi. Marek alikuwa juu ya paa la ile nyumba nyeupe. Kifuniko cha bomba la moshi kilikuwa kimeng'oka, moshi unarudi ndani, na Eilidh na tumbo lake kubwa alikuwa chini ameshika ngazi kwa mikono miwili na mguu mmoja. Lachlan alisimama. Dolina alidhani atapita.

"Huyo ataanguka," Lachlan alisema kwa hasira ya fundi. "Anakikamata kama mwavuli." Akavuka barabara, akamwambia Eilidh toka hapo mama, akapanda. Dolina akaishika ngazi. Huko juu wanaume wawili walipigiana kelele, Kipoland na matusi ya Aberdeen, mpaka kifuniko kikakaa. Kisha Eilidh akasema kuna chai, na kabla dada yake hajapata la kusema, Lachlan alikuwa amekwisha kuingia ndani na viatu vyake vya masizi.

Jioni hiyo mama alimuuliza Lachlan alikokuwa.

"Nyumba ya gatini. Nimefunga kifuniko cha bomba la moshi."

Bibi Murdina aliweka kijiko chini. "Ikoje?"

"Joto. Wameweka mapazia ya buluu."

"Buluu? Sebuleni?"

"Buluu ya bahari."

"Jua la asubuhi litayala yote yafifie kabla mtoto hajatambaa," alisema Bibi Murdina. Akala, akaonekana bado anayapima kichwani. Kesho yake, Dolina alipoingia na maji ya moto, mzee aliirudisha sponji ndooni.

"Mwite yule binti," alisema. "Mikono yako ni ya kushikia meli. Nimevumilia vya kutosha."

Dolina alimpigia Eilidh simu kutoka uani.

Mama yake hakumsamehe kwa maneno, wala Dolina hakuomba. Siku nyingine alimjibu, siku nyingine alimnyamazia, na habari za Lachlan na nyumba ziliingia kwenye orodha ya mambo ambayo Bibi Murdina aliyaeleza wageni akianza na kusema kwamba hataki kuyazungumzia.

Tufani lilikatika Ijumaa usiku. Jumamosi feri ilikuja, bahari bado nzito. Lachlan alimbusu mama yake, akashuka na begi. Gatini alisimama karibu na dada yake wakati magari yakipakiwa.

"Pasaka nitakuja," alisema. "Nitalala kwa Mama."

"Nitakutandikia chumba cha nyuma."

"Na nikianza kuona mambo mabaya kule, nitapiga. Ukiwa mkutanoni, toka nje upokee."

"Nitatoka."

Alipanda. Dolina aliifungua kamba ya nyuma, kisha ya mbele, ikaanguka majini ikavutwa juu. Lachlan alikuwa sitahani na mikono mifukoni. Feri iligeuka, ikapita rasi, na Dolina alikuwa bado amesimama pale. Dereva wa gari la posta akateremsha kioo.

"Torquil anakutafuta," alisema. "Anasema anaacha uenyekiti, na Hector kashafika ukumbini, anagombana na Peigi habari ya ukuta wa malisho."

"Mkutano si saa nane?"

"Ndiyo. Wameanza kugombana mapema."

Dolina alikunja kamba za akiba, akazitundika mahali pake, akapanda mteremko kwenda ukumbini, simu ameiweka mfuko wa juu wa koti mahali atakapoisikia.